Sura ya Mwigizaji na Mkono wa Dola

Ipo kauli ambayo wasanii huitumia pindi siasa inapobisha hodi mlangoni mwao: "Mimi ni msanii tu, siasa nawaachia wenyewe." Kauli hiyo ina sauti ya unyenyekevu, na aghalabu huipokea umma bila kuipima. Katika makala haya nakusudia kuipima kwa maisha ya waigizaji wachache wa kike wa sinema ya Ujerumani ya karne ya 20.

Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, sinema iliwekwa upesi chini ya Wizara ya Propaganda ya Joseph Goebbels. Likaundwa baraza la dola la filamu, na asiyekuwa mwanachama wake hakuruhusiwa kufanya kazi. Wayahudi wakafungiwa mlango. Tangu hapo, kila aliyesimama mbele ya kamera alisimama kwa idhini ya watawala, apende asipende.

Marlene Dietrich, mzaliwa wa Berlin, alikwisha kuondoka. Filamu ya *Der blaue Engel* ya mwaka 1930 ilimpa umaarufu, naye akaenda Hollywood. Utawala wa Kinazi ulimtaka arejee, akakataa. Mwaka 1939 akawa raia wa Marekani, na vita vilipopamba moto akawaimbia askari waliokuwa wakipigana na jeshi la nchi yake ya kuzaliwa.

Kristina Söderbaum alikwenda njia nyingine. Alikuwa Mswidi, mke wa mwongozaji Veit Harlan, na mwaka 1940 aliigiza katika *Jud Süß*, filamu ya mumewe iliyojaa sumu dhidi ya Wayahudi. Himmler, mkuu wa SS, aliagiza askari wake na polisi waitazame. Lakini Harlan aliwahi kuoa mwigizaji mwingine kabla yake: Dora Gerson, Myahudi, ambaye walikwisha kuachana katika miaka ya 1920. Gerson alifukuzwa jukwaani na Unazi, akakimbilia Uholanzi, akakamatwa, na mwaka 1943 akauawa Auschwitz pamoja na mume wake wa pili na watoto wao wawili. Wanawake hawa wawili walikuwa na taaluma moja. Dola ndiyo iliyoamua nani aangaziwe taa na nani atiwe kwenye treni.

Watetezi wa waliobaki husema kwamba si kila mtu alikuwa na mkataba wa Hollywood, na kwamba kukataa kulikuwa na gharama. Hoja hii ina uzito. Mwigizaji Joachim Gottschalk alishinikizwa amwache mkewe Myahudi. Alikataa, na mwaka 1941 yeye, mkewe na mtoto wao wakafa kwa kujiua. Mwenye kuishi kwa amani hana haki ya kudai ushujaa wa namna hiyo kwa mwenzake. Hata hivyo, kati ya ushujaa na ushirika kuna nafasi pana. Brigitte Helm, nyota wa *Metropolis* ya mwaka 1927, aliacha filamu mwaka 1935 na kuhamia Uswisi. Hakuhutubia wala hakuandamana. Aliondoka tu, na sura yake haikuonekana katika filamu za miaka iliyofuata.

Linalonisikitisha zaidi ni hesabu ya baada ya vita. Harlan alishtakiwa, akaachiwa huru, na kufikia mwaka 1951 alikuwa akiongoza filamu tena, Söderbaum akiwa mhusika mkuu. Ni haki kueleza kwamba Söderbaum alizomewa jukwaani, na kwamba baadaye alionyesha majuto. Lakini Dietrich aliporudi kuimba Ujerumani Magharibi mwaka 1960, alilakiwa na mabango ya kumtaka aende zake, na wapo waliomwita msaliti. Alifariki Paris mwaka 1992, akazikwa Berlin. Jiji hilo lilimpa uraia wa heshima mwaka 2002, miaka kumi baada ya kifo chake.

Kwa nini aliyekataa uovu achukiwe kuliko aliyeutumikia? Kwa maoni yangu, jamii humsamehe upesi aliyekosea pamoja nayo, kwa kuwa kumsamehe yeye ni kujisamehe yenyewe. Aliyekataa huwa ushahidi kwamba kukataa kuliwezekana, na ushahidi huo hauvumiliki.

Kwa hiyo msanii anapoalikwa kuipamba serikali yoyote kwa sura na sauti yake, namshauri asiishie kuuliza atalipwa kiasi gani. Aulize pia ni nani waliokuwa wakisimama jukwaani hapo jana, na leo wako wapi.