Kabla Dishi Halijapanda Basi la Kisenyi

Anayetaka kujua vijiji vya Uganda vinahitaji nini na asimame kwenye kituo cha mabasi cha Kisenyi, jijini Kampala, atazame kinachoingia kwenye buti. Magodoro, mabati, paneli za sola, betri, mashine ya kukoboa mahindi iliyochomelewa hatua chache kutoka hapo. Mtaa huu ulio chini ya kilima cha Old Kampala, wenye mafundi wa vyuma, wasagishaji wa unga na maduka ya Wasomali, umezoea kuhudumia nyumba zilizo mbali nao. Anayehangaika mjini ndiye anayejenga kijijini. Siku hizi, bati na sola zikishapatikana, linalofuata ni intaneti: bibi anataka kumwona mjukuu aliye Minneapolis, binti anataka kusoma kwa simu bila kupanda kilima kutafuta mtandao, na mwenye nyumba mwenyewe anapiga hesabu ya kuhamia huko akistaafu.

Hapo dishi la setilaiti hutajwa, tena hutajwa mapema mno.

Watu huanza na kasi. Wanalinganisha picha za vipimo walizotumiwa na jamaa wa Nairobi, wanauliza bei, wanaagiza. Kasi ingefaa kuulizwa mwisho. La kwanza ni kama huduma yenyewe ina leseni katika nchi ambamo nyumba imesimama, na wako Waganda waliolipia jibu la swali hilo kutoka mifukoni mwao.

Mwaka 2025 Rais Yoweri Museveni alikutana na wawakilishi wa Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, na kuisifu nia yao ya kufikisha intaneti nafuu kwenye maeneo magumu kufikika. Desemba mwaka huohuo, waraka wa Mamlaka ya Mapato Uganda (URA) uliwataka maofisa wa forodha wasiachie vifaa vya Starlink bila idhini ya Mkuu wa Majeshi. Tarehe 1 Januari 2026 kampuni ikavizima vifaa vyote vilivyokuwa vikifanya kazi nchini. Iliiandikia Tume ya Mawasiliano Uganda (UCC) kwamba haina leseni ya Uganda, haijawahi kuuza huduma huko, na kwamba vifaa vilivyoonekana vilinunuliwa nje na kuingizwa bila ruhusa. Uchaguzi mkuu ulikuwa wiki mbili mbele. Jioni ya Januari 13, siku mbili kabla ya kura, intaneti ya kawaida nayo ikafungwa kwa agizo la UCC.

Wengi wa waliozimiwa walikuwa wamefuata njia iliyoonekana rahisi. Huduma ilifunguliwa Rwanda Februari 2023, Kenya Julai mwaka huo. Kifaa kinanunuliwa Kigali au Nairobi, kinavuka mpaka, kinalipiwa kifurushi cha msafiri. Onyo lilikuwapo zamani. Mwaka 2024 kampuni iliwaarifu wateja wa nchi zisizo na leseni kwamba huduma yao itakatwa, na masharti ya kifurushi hicho yanamtaka anayekaa nchi ya kigeni zaidi ya miezi miwili ahamishie akaunti yake huko. Nyumba ya kijijini wilayani Isingiro haisafiri. Mwenye nayo hana nchi ya kuhamishia akaunti, hana risiti ya ndani, na siku dishi likinyamaza hana ofisi ya kugonga mlango.

Kwa Wasomali wa Kisenyi jambo hili lina uchungu wake. Somalia ilitoa leseni Aprili 2025, na huduma ikaanza miezi michache baadaye. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ilitoa yake Mei mwaka huo. Familia iliyogawanyika kati ya Mogadishu, Kampala na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoko tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na yanayohifadhi Wakongo na Wasomali kwa maelfu, inaweza kuunganishwa kihalali kutoka upande ambao dunia huuita wa vurugu, ikakataliwa upande uitwao wa amani.

Serikali husema inahofia usalama. Hofu hiyo isidharauliwe, lakini dawa iliyochaguliwa haiitibu. Kampuni yenye leseni huamriwa kusajili wateja, kulipa kodi, kuweka ofisi na kujibu barua. Dishi la magendo halifanyi hata moja kati ya hayo. Kuweka ruhusa ya kifaa cha nyumbani mikononi mwa jeshi, na kuiweka hapo mwezi mmoja kabla ya kura, kunamwambia mkulima kwamba mtandao wake utafuata kalenda ya siasa. Nani atajenga shule ya mtandaoni au biashara ya kahawa juu ya msingi huo?

Tuseme leseni ipo. Bado dishi lisiwe chaguo la kwanza.

Mara nyingi mnara wa simu uko karibu kuliko mtu anavyodhani, ila ukuta, bati na migomba vinameza mawimbi. Ruta ya laini ya simu yenye antena ya nje, iliyofungwa juu ya paa na kuelekezwa kwenye mnara, huweza kuipa mtandao mzuri nyumba ambamo simu ya mkononi ilikuwa ikipata alama moja tu. Anayekwenda kijijini mwisho wa mwezi apande juu ya paa na laini za kampuni mbili tofauti, apime asubuhi, apime tena saa mbili usiku watu wakiwa wengi mtandaoni. Ikitosha, ameokoa fedha na umeme.

Isipotosha, kuna setilaiti za aina mbili, na tofauti yake ni umbali. Zile za zamani, ambazo benki na mashirika ya misaada yamezitumia kwa miaka mingi, hukaa mahali pamoja juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ujumbe kwenda na jibu kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde. Barua pepe haijali, lakini mazungumzo ya video yanakuwa ya kukatizana. Za Starlink hupita chini sana, kama kilomita 550, kwa hiyo sauti inajibu karibu papo hapo. Ila kwa kuwa zinapita, dishi lake linahitaji kuona sehemu pana ya anga bila kizuizi. Aina ya zamani hutosheka na mstari mmoja ulio wazi, na kwa Uganda, inayopitiwa na ikweta yenyewe, mstari huo mara nyingi huelekea juu sana, hivyo miti haiusumbui kama inavyousumbua Ulaya, ambako dishi huelekea karibu zaidi na upeo wa macho. Mfenesi mmoja mkubwa uani unaweza kumharibia mwenye Starlink huku jirani mwenye dishi la zamani akiendelea bila taabu. Kabla ya kuupiga shoka, dishi lijaribiwe kwenye kona nyingine ya kiwanja. Programu ya simu ya kampuni hiyo huonyesha anga ilipozibwa.

Kisha umeme, ambao ndio huwaumbua wengi. Dishi la kawaida la Starlink hula kati ya wati 75 na 100. Likiachwa mchana na usiku kwa wati 75, linakula wati-saa 1,800. Paneli ya wati 100, ile inayowasha taa na kuchaji simu za ukoo mzima, kwa saa tano za jua zuri haivuki 500. Zitahitajika nne au zaidi, na betri za kubeba usiku. Toleo dogo, Mini, hula wati 25 hadi 40; likiwashwa kwa saa sita za jioni linawezekana kwa mfumo wa kawaida wa nyumbani. Gharama ya paneli na betri haimo kwenye bei inayotangazwa, na muuzaji hana haraka ya kuitaja.

Kazi ya kufunga si ya kutisha, lakini haisamehe uzembe. Mafundi wa Kisenyi wanaweza kuchomelea mlingoti mzuri kwa siku moja. Waambiwe watumie bomba lisiloshika kutu na waweke vishikizo vitatu ukutani, maana dishi likitikiswa na upepo mawasiliano hukatikakatika. Waya upite ndani ya paipu ya plastiki, kwani panya wa ghalani hawachagui, na uachiwe kitanzi kinachoning'inia kabla ya kuingia ndani ili maji ya mvua yadondoke nje. Radi isichukuliwe kama hadithi za wazee. Novemba 2024 iliwaua watu 14 waliokuwa kwenye ibada katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo. Mlingoti wa chuma uunganishwe kwa waya mnene wa shaba na fito ya chuma iliyozikwa chini sana ardhini, na wingu likianza kunguruma vifaa vichomolewe kwenye umeme.

Hata kukiwa na leseni, jua na fundi hodari, nafasi yenyewe ya angani ina kikomo. Novemba 2024 Starlink iliacha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani, zikiwamo Kiambu na Machakos, kwa sababu mtandao ulikuwa umejaa. Huduma iliyosifiwa kwa ajili ya vijiji ilikuwa imenunuliwa kwa wingi na watu wa mjini wenye nyaya mlangoni. Uganda ikifungua mlango, UCC ingefanya vyema kujifunza hapo na kuandika masharti yanayoipa shule ya Karamoja na zahanati ya Isingiro nafasi kabla ya ghorofa la mtaa wa kitajiri wa Kololo.

Fedha za kuanzia mpango kama huo zipo. Uganda ina mfuko wa huduma za mawasiliano kwa wote, UCUSAF, mrithi wa ule wa vijijini ulioanza mwaka 2003, nao hulishwa na tozo inayokatwa kwenye mapato ya kampuni za simu, yaani bando analonunua dada muuza nguo wa soko la Owino linauchangia. Mkataba wa nyumbani kwa kawaida haumruhusu mtu kuwauzia majirani, kwa hiyo kila nyumba inabaki na dishi lake na deni lake. Mfuko huo ungelipia mkataba wa kijiji kizima kwa jina la shule, pamoja na paneli na betri zake, na nyumba za jirani zikachangia kiasi kila mwezi. Mwenye duka Kisenyi angebaki na kazi ya kutuma ruta ndogo kwa basi, na risiti ya kodi ndani ya boksi.