Fundi wa garaji naye apewe kadena yake

Umeme ukikatika mu kartie, siku ya kwanza tunasema: "Courant itarudia." Siku ya pili tunakamata simu. Siku ya tatu tunaanza kutukana. Na tunatukana nani? Wale vijana wanaopanda ku nguzo, na yule shefu anayejibu kila mara kwamba ekipi iko njiani. Mimi nilifanya kazi miaka 19 mu garaji ya sosiete moja ya umeme, huku kwetu Katanga, na ninaweza kuwaambia kintu kimoja: mara nyingi ekipi haiko njiani. Imeketi mu kivuli cha ukuta wa garaji, na kamba zake na ngazi zake, inangojea kamyo iwake.

Hakuna mutu anayefikiri habari ya garaji. Kabini ikiungua, watu wanawaza transformateri. Lakini transformateri haina miguu. Inabebwa na kamyo yenye gri. Mutu wa nyaya anapandishwa juu na kamyo ya nasele. Na wakati wa mvua, nguzo ikianguka kule mu matope, bila jipu yenye kuvuta na pine zote ine hamufiki. Gari hizo tatu zisipotembea, hata muwe na mainjinia makumi mawili, mutaa utalala mu giza.

Kwetu gari zilikuwa 14, mu karatasi. Zenye kutembea zilikuwa tano, siku njema sita. Kulikuwa Land Cruiser moja iliyokaa juu ya mawe tangu nilipoingia kazini, na tuliiita "magazini", sababu njo ilikuwa magazini yetu ya kweli. Tuliitoa altenateri, kisha demareri, kisha springi za mbele, na mwisho hata bulo. Ukihitaji piesi mpya, unaandika boni, boni inakamata sinyatiri tano, inapanda Kinshasa, na kisha miezi mitatu inakuja filtri ya namba ingine. Wakati ule ile piesi iko Kasumbalesa, imetoka Dar es Salaam kwa barabara, unaweza kuigusa kwa mukono wako. Lakini huna haki ya kuinunua.

Kwa habari ya filtri, niseme neno kwa ninyi munaosoma hapa. Mwezi wa saba, wakati vumbi nyekundu inafunika kila kintu, shofere anatoa filtri ya hewa na kuipiga-piga ku pine ili ianguke vumbi. Wengi wenu munafanya vile na gari zenu mu parsele. Acheni. Ile karatasi inapasuka kidogo, jicho haliioni, na vumbi inaingia mu moteri inakula segma. Kisha mwaka munasema moteri inakunywa mafuta, na kwamba Waarabu wa Dubai wamewauzia gari mubaya.

Nirudi ku ile nasele, sababu njo inanifanya niandike.

Mukono wa nasele unashikwa juu na mafuta yenye kusukumwa mu vereni. Chini ya vereni kuna klape: hata bomba la mafuta likipasuka, klape inafunga na mukono unabaki juu. Klape ikichafuka ao ikichoka, haifungi tena vizuri. Kuipima si kazi ya kusoma sana. Unapandisha mukono bila mutu ndani, unazima moteri, unaweka alama ya chaki ku chuma cha vereni, unaenda kunywa chai. Ukirudi, kama alama imeshuka, mukono unashuka. Siku ile chaki ilishuka vidole viwili. Niliandika mu fishi: haitoki.

Saa kumi ya mangaribi shefu akakuja. Mu kartie moja kulikuwa matanga, familia ya mutu mukubwa, na simu zililia tangu asubui. Aliniambia: "Fundi, sinye tu. Ni kazi ya nusu saa. Batu beko mu giza na maiti." Nilimuonyesha chaki. Akasema kamyo hii ilipanda juzi na haikuanguka. Nilikuwa na batoto sita, na mishahara ya miezi miwili ilikuwa haijaingia. Nilisinya.

Bomba lilipasuka wakati kijana alikuwa karibu metre sita juu. Hakufa. Muguu ulivunjika mahali pawili, na leo anauza inite mbele ya parsele yao, anatembea na fimbo. Wakati walifanya anketi, karatasi ilikuwa na jina langu. Sauti ya shefu haikuandikwa popote. Sisemi nilionewa. Nilijua chaki ilisema nini, na nilisinya.

Ninyi wa mine munajua kadena. Mbele fundi aingie chini ya mashini, anakata umeme, anafunga na kadena yenye jina lake, na fungulo inaingia mu mufuko wake. Direkta akuje, injinia akuje, hakuna mwenye kuitoa ila yeye. Ninajua, mu sutretansi fulani kadena ni ya picha tu. Lakini hata huko mutu anaweza kusema "kadena yangu" na wote wanaelewa. Mu garaji yetu hakukuwa kintu kama kile. Neno la fundi lilikuwa shauri. Neno la shofere, shauri. Neno la shefu, amri.

Ninachoomba ni hiki. Kwa freni, kwa direksio, na kwa kila kintu chenye kupandisha mutu ao muzigo juu, fundi aliyekataa gari akamate fungulo na aifunge mu sanduku yake. Mwenye kutaka itoke alete fundi wa pili, apime yeye mwenyewe, na asinye yeye. Shefu asiguse. Kwa demareri, kwa taa ya ndani, kwa mulango usiofunga, waamue wanavyotaka.

Watu wataniambia: basi giza itakuwa ndefu zaidi, na fundi muvivu atafunga gari zote. Giza itakuwa ndefu siku za kwanza, ndiyo. Na tuseme kweli yote: sisi ba mekanisiye si malaika. Mu garaji yetu mazutu iliuzwa usiku mu bidon, na nilijua nani. Lakini fundi muvivu hata sasa hasemi "haitoki". Anasinya na kurudi nyumbani mapema. Mwenye kukataa njo mwenye kubaki mpaka saa mbili ya usiku, mikono mu mafuta.

Kuna tena hili. Vijana sita niliowafundisha, wane wamekwenda ku mine, Kolwezi na Fungurume. Siwalaumu, mishahara inaingia. Lakini wanaponitembelea hawaanzi na falanga. Mmoja aliniambia: "Papa, kule nikisema gari isimame, inasimama." Sosiete ya umeme haiwezi kulipa kama mine, naelewa. Lile neno moja halina bei, na lingebakiza vijana wengine.

Tena gari hizi hazitengenezei umeme watu wengine. Zinakuja kwenu, ku bile bikartie bambao munalala kisha posti ya usiku, na bibi zenu wanangojea courant ili pompi ipandishe maji. Ile bisi inayowabeba asubui ku mine nayo iko na fundi wake mahali fulani. Mumuulize siku moja kama ana haki ya kukatala.

Juma iliyopita nilipita ku garaji. Kijana aliyekamata nafasi yangu alinisalimu vizuri, akanitolea kiti. Nasele iko pale pale. Klape mupya? Boni iko Kinshasa. Nikamuuliza kama anapima na chaki. Akacheka kidogo. "Ndiyo, papa. Hata ile chaki tunanunua na falanga yetu."