Dume la Farasi Halizaliwi Jambazi

“Dume la farasi hufungiwa peke yake. Ukimchanganya na wenzake, ataua.” Maneno hayo aliyatoa mwenye farasi mmoja Jumapili iliyopita kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, na wote waliomzunguka wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyemuuliza huyo dume alifunzwa adabu na nani.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Dume wetu huyu ananyimwa vyote viwili. Akifika miezi sita hivi anaachishwa kunyonya, anatengwa na mama, anaingizwa bandani na komeo linapigwa. Hana wa kumng’ata akarudishiwa teke. Hajui masikio yaliyolazwa nyuma yana maana gani, wala mchezo unaishia wapi na ugomvi unaanzia wapi. Akitolewa nje miaka mitatu baadaye, anaruka, anauma, anamburuta saisi uwanja mzima, nasi tunapiga kelele: “Mnaona? Ni damu hiyo!” Damu gani? Mmemnyima malezi, sasa mnamshitaki kwa kutokuwa nayo.

Porini, dume kijana akiondoka kwenye kundi la mamaye, akiwa na miaka miwili au mitatu, hujiunga na makapera wenzake. Hutunishiana misuli, hufukuzana, hunusa kinyesi cha mwenzake na kuweka chake juu, na mara nyingi shauri huishia hapo. Kule Austria, madume ya farasi wa aina ya Lipizzaner yanayozaliwa Piber hukua pamoja, na majira ya joto hupelekwa kwa makundi kwenye malisho ya milimani. Baadaye baadhi ya madume hayohayo hucheza bega kwa bega Vienna mbele ya watazamaji. Nchini Uswisi, kituo cha taifa cha farasi cha Avenches kilithubutu kuachia madume ya mbegu malishoni pamoja. Siku chache tu, vurugu zikapungua. Sheria ya huko inataka farasi wachanga walioachishwa kunyonya wakae na wenzao hadi miezi 30, au hadi waanze kazi.

“Lakini wataumizana!” Naam, watachubuana. Watoto wako nao walirudi kutoka shule magoti yamechubuka. Mbona hukuwafungia stoo?

Tena hawa wanaolilia ngozi ya farasi hawamlilii saisi. Anayeng’atwa na huyo dume ni saisi, si bwana mwenye glasi mkononi.

Basi, mtoto dume atakayezaliwa mwakani mwache akue na wa rika lake, pamoja na jike mzee asiyevumilia upuuzi. Huyu wa sasa, ukishamwita daktari aje kumhasi, usimwambie kosa lilikuwa la damu. Mwambie lilikuwa lako.