Samasoti za Kawangware Zataka Ukumbi

Mwaka wa 1976 mjini Montreal, Nadia Comăneci wa Romania, msichana wa miaka 14, alipata alama 10 kamili katika jimnastiki. (Kenya ilisusia michezo hiyo.) Bingwa kama huyo hulelewa klabuni tangu utotoni, juu ya magodoro, chini ya macho ya mkufunzi. Hapa Nairobi, Ukumbi wa Sarakasi mtaani Ngara, uliokuwa sinema ya Shan, umewapa wanasarakasi paa. Lakini mtoto wa Kawangware au Kangemi apigaye samasoti juu ya ardhi tupu huhatarisha shingo yake. Walimu wa shule zenye kumbi zinazofungwa kila Jumamosi wangoja nini? Wazifungue, nayo Wizara ya Elimu inunue magodoro kabla ya vikombe.