Tunalipia Rangi, Hatulipii Kona

Wasee, leo tuongee kuhusu reli za ngazi kwa hizi ploti zetu.

Wiki jana ya ghorofa ya tatu iliniachia mkononi. Nje ilikuwa nyeusi, inang'aa, kazi safi. Kumbe pale kwa kona, paipu mbili zilikuwa zimeshikana juu juu tu. Ndani ni kutu, filla, na msumari uliochomelewa kuziba pengo. Msumari, manze! Na mdogo wangu huegemea hapo kila jioni akingoja mabeshte.

Nilienda kwa fundi mmoja wa jua kali kuuliza. Akaniambia weldingi ndiyo kitu cha mwisho. Kazi yenyewe iko kwa kukata. Kona ikipinda digrii 40, kila paipu inakatwa digrii 20, nusu kwa nusu, ndio midomo ilingane. Ukikata moja pekee, mdomo wake unakuwa kama yai na wa mwenzake unabaki duara. Hapo ndipo pengo linatokea na msumari unaitwa.

Halafu unasugua kutu, rangi na mafuta mpaka chuma king'ae. Paipu nene, tuseme ya milimita 5, unalaza kingo na grainda karibu digrii 30 na kuacha nafasi ndogo, ndio moto ufike chini kabisa. Nyembamba ya milimita 2 haihitaji hiyo, lakini lazima zikutane bila mwanya. Unashikilia na doti kadhaa, unapima tena, ndipo unachomelea pande zote.

Najua mtasema fundi ni mkora. Sawa, lakini sisi je? Tunamwambia apunguze bei na amalize leo, halafu tunakagua nini? Rangi! Saa moja ya kukata na kusugua hakuna mtu anataka kuilipia. Hata keteka wetu alipoambiwa, alikuja na kopo la rangi.

Mimi msimamo wangu ni huu: rangi isipakwe kabla mwenye pesa hajaona kona. Pitisha kidole kule chini, mahali jicho halifiki. Ukipata pengo, au weldingi imeishia nusu, usilipe mpaka irudiwe.

Leo ukifika kwenu, tikisa reli ya ngazi. Lakini pole pole, na usiiegemee.