Lebo ya Dawa Isiachiwe Kompyuta

Daktari wa Marekani akiandika "once daily", anataka dawa inywewe mara moja kwa siku. Kompyuta ya duka la dawa ikitafsiri maelekezo yote na kuliruka neno hilo la kwanza, mgonjwa wa Kihispania atalisoma "once" kwa lugha yake, na kwa lugha yake hiyo ni kumi na moja. Vidonge kumi na moja vya presha kwa siku! Hapo si suala la sarufi tena.

Wala hofu hii si ya kubuni. Mwaka 2010 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa maduka ya dawa ya Bronx, New York. Mengi yalitumia programu za kompyuta, na nusu ya lebo za Kihispania zilizochunguzwa zilikutwa na makosa.

Watetezi wa mashine husema programu za leo ni mahiri zaidi. Kweli, siwabishii. Ila kuna maneno ambayo umahiri wa lugha pekee hauyawezi. Chukua "discharge". Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, Kihispania ni "alta". Kidonda kikitoa usaha, ni "secreción". Umeme ukimpiga mtu, ni "descarga". Sasa neno hilo likae peke yake juu ya kisanduku cha fomu, bila sentensi yoyote: programu itabahatisha tu. Muuguzi habahatishi, kwa kuwa kidonda anakiona.

Ndiyo maana kanuni ya shirikisho ya 2024, chini ya kifungu cha 1557 cha sheria ya afya, ilitaka tafsiri ya mashine ipitiwe na mtafsiri mwenye sifa pale usahihi unapokuwa wa lazima. Wenye maduka wanalalamikia gharama. Lakini maelekezo ya dawa ni yaleyale kila siku. Bodi ya Famasia ya California imeshatoa tafsiri za maelekezo ya kawaida kwa lugha tano, Kihispania kikiwamo. Kazi ifanywe vizuri mara moja, kisha wote wainakili.

Nawe mwenye ndugu Marekani asiyejua Kiingereza, mwambie asiondoke dirishani na dawa asiyoelewa maelekezo yake. Aombe mkalimani. Hospitali na maduka ya dawa yanayopokea fedha za serikali kuu hayaruhusiwi kumtoza mgonjwa kwa huduma hiyo.