Kabla ya Kulipia Enterprise, Soma Leseni

Machi 2015 Microsoft ilitangaza kuwa itayaunganisha matoleo mawili ya juu ya Visual Studio, zana yake ya kuandikia programu, yaani Premium na Ultimate, na kuyafanya toleo moja liitwalo Enterprise. Hadi siku hiyo Ultimate pamoja na usajili wake wa MSDN ilikuwa ikiuzwa dola 13,299 kwa kila msanidi programu. Bei ya Enterprise ikawekwa dola 5,999. Aliyekuwa amelipia Ultimate miezi michache kabla alishuhudia bidhaa yake ikishuka chini ya nusu ya bei, nayo ikifanya kazi zile zile.

Haiwezekani kwamba gharama ya kuandika Ultimate ilishuka kiasi hicho kwa usiku mmoja. Muuzaji alikuwa amepiga hesabu upya: nani alipe, alipe kiasi gani, na apewe sababu gani ya kulipa. Matoleo ya zana za kuandikia programu yamekuwa hivyo tangu zamani, na ndiyo maana mnunuzi anayelinganisha matoleo kwa kutazama yapi yana kazi nyingi huanza upande usiofaa.

Upande huo huanza na jedwali. Mkuu wa idara ya tehama huletewa ukurasa wenye nguzo tatu: Community, Professional, Enterprise. Chini yake kuna mistari mingi ya majina ya kazi, na alama za vema zikiongezeka kadiri jicho linavyoelekea kulia. Nguzo ya mwisho imejaa, ya kwanza ina mapengo. Mtu yeyote mwenye bajeti na hofu ya kulaumiwa ataelekeza kidole kwenye nguzo iliyojaa. Jedwali limeandaliwa kwa ajili ya kidole hicho.

Jambo zito zaidi haliandikiwi alama ya vema. Community, iliyoanza kutolewa bure Novemba 2014, inakaribia kulingana na Professional katika kazi za kila siku za msanidi. Inaandika msimbo ule ule, inafungua miradi ile ile, inasaka hitilafu kwa njia ile ile. Basi dola 45 kwa mwezi zinazotozwa kwa kila mtumiaji wa Professional zinalipia nini? Kwa sehemu kubwa zinalipia ruhusa. Masharti ya Community yanamkubalia mtu binafsi kuitumia kwa kazi yoyote, hata ya kuuza. Kampuni ndogo inaruhusiwa watumiaji wasiozidi watano kwa wakati mmoja. Lakini taasisi yenye kompyuta au watumiaji zaidi ya 250, au mapato yanayozidi dola milioni moja kwa mwaka, pamoja na kampuni zake tanzu, imefungiwa mlango isipokuwa kwa mambo machache kama mafunzo darasani, utafiti wa kitaaluma na miradi ya chanzo huria.

Sharti hilo lina mkia ambao kampuni changa za Nairobi na Dar es Salaam zinafaa kuusoma mara mbili. Taasisi kubwa hairuhusiwi kuwatumia wafanyakazi wake, wala wakandarasi wake, kuandika au kujaribu programu zake kwa Community. Chukua mfano wa kikundi cha vijana wanne wenye ofisi ya chumba kimoja. Peke yao wamo ndani ya masharti kabisa. Wakipata kandarasi ya kuandika mfumo wa mikopo utakaokuwa mali ya benki yenye matawi nchi nzima, ukubwa unaopimwa ni wa benki. Zabuni iliyopigiwa hesabu kwa zana ya bure ghafla inahitaji leseni nne za kulipia, na faida iliyotarajiwa inaanza kuliwa kabla mstari wa kwanza haujaandikwa.

Enterprise nayo si hadaa. Ina vitu viwili au vitatu ambavyo kwa timu inayostahili vinarudisha pesa yake. IntelliTrace, iliyoingia katika toleo la 2010, hurekodi matukio wakati programu inaendeshwa ili msanidi aweze kurudi nyuma na kuona kilichotokea kabla haijaanguka. Live Unit Testing, iliyokuja na toleo la 2017, huendesha majaribio yanayohusika huku mtu akiendelea kuandika, na kuonyesha kando ya kila mstari kama umepita au umefeli. Kwenye mfumo wenye maelfu ya majaribio, huo ni muda mwingi unaookolewa kila siku. Kwenye timu ambayo haijawahi kuandika majaribio hata kumi, ni pambo la dola 250 kwa mwezi kwa kila msanidi. Na timu za namna hiyo ni nyingi kuliko zinavyokubali zenyewe, hasa pale mteja anapotaka mfumo mwezi huu na kuahidi kulipa mwezi ujao.

Tena vitu vya nguzo ya juu hushuka. CodeLens, inayoonyesha juu ya kila sehemu ya msimbo ni nani aliibadilisha mara ya mwisho na wapi inatumika, mwaka 2013 ilikuwa ya Ultimate pekee. Katika toleo la 2015 ilikuwa imeshafika Professional. Aliyenunua toleo la juu kwa sababu ya kitu kimoja tu kama hicho alilipia miaka miwili ya kutangulia.

Hesabu ya dola inahitaji kufanywa kwa shilingi, na kufanywa mapema. Kwa bei ya mwezi iliyotangazwa, wasanidi kumi wa Professional ni dola 5,400 kwa mwaka, na kumi wa Enterprise ni dola 30,000. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160 za Kenya, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imerudi karibu na 129. Leseni hizo hizo kumi za Enterprise zinakuwa shilingi milioni 4.8 kwa kiwango cha kwanza na milioni 3.87 kwa cha pili. Pengo la shilingi 930,000 limetokana na siku ya kulipa tu. Kodi ya ongezeko la thamani bado haijaingizwa, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara.

Swali linalofuata ni nani anahesabiwa. Hapa ndipo kampuni nyingi zimeumia, na Java ndiyo mfano mkali kuliko yote. Januari 2023 Oracle ilibadili namna ya kuuza usajili wa Java: badala ya kuhesabu watumiaji au seva, ikaanza kuhesabu wafanyakazi wote wa kampuni, wakiwemo wa muda na watu wa wakandarasi wanaohudumia shughuli za ndani. Bei ya orodha kwa kampuni yenye watu chini ya 1,000 ilikuwa dola 15 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kiwanda chenye watu 500, wanane tu kati yao wakiandika programu, kinadaiwa kwa bei hiyo dola 90,000 kwa mwaka. Dereva wa lori na mpishi wa kantini wamo kwenye ankara. Na yote hayo wakati OpenJDK, ambayo msimbo wake ndio msingi wa Java ya Oracle yenyewe, inapatikana bure katika vifurushi kama Eclipse Temurin.

Docker ilikuwa na huruma kidogo. Agosti 2021 ilitangaza kuwa Docker Desktop italipiwa na kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 250 au mapato yanayozidi dola milioni 10 kwa mwaka, ikazipa hadi mwisho wa Januari 2022 kujipanga. Upande wa pili wa mizani iko kampuni ya Embarcadero na zana yake ya kuandikia programu, Delphi. Delphi Community, iliyoanza 2018, ni ya bure mpaka mapato ya mtumiaji yafike dola 5,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha shilingi 129 hizo ni shilingi 645,000. Msanidi wa kujitegemea Mombasa anayeingiza shilingi 60,000 kwa mwezi, kipato ambacho hakuna atakayekiita utajiri, anauvuka mpaka huo mwezi wa 11.

Kisha kuna siku ya kuacha kulipa, ambayo wauzaji hawaitaji hata kidogo. Septemba 2015 JetBrains, kampuni ya IntelliJ IDEA, ilitangaza kuhamia kwenye usajili. Kwa mpango wa awali, aliyeacha kulipa angebaki bila zana. Wasanidi walipiga kelele dunia nzima, na katika mwezi huo huo kampuni ikalegeza: anayelipa miezi 12 mfululizo hubaki daima na haki ya kutumia toleo lililokuwepo miezi hiyo ilipoanza. Kwa kampuni ambayo mteja wake mkuu anaweza kuchelewesha malipo nusu mwaka, kipengele hicho kina thamani kuliko safu nzima ya alama za vema. Usajili wa mwezi wa Visual Studio hauna kinga hiyo. Malipo yakikoma, ruhusa ya kuitumia inakoma pia.

Mtego mwingine umejificha kwenye hifadhidata. SQL Server Developer, inayotolewa bure tangu 2016, ina kazi zote za SQL Server Enterprise lakini hairuhusiwi kumhudumia mteja halisi. Timu huijengea mfumo ofisini, kila kitu kinakwenda vizuri, kisha siku ya uzinduzi mteja anawekewa toleo la Express kwa sababu nayo ni ya bure. Hadi toleo la 2022 hifadhidata moja ya Express haikuruhusiwa kuzidi gigabaiti 10. Mfumo wa ushirika wa akiba na mikopo unaohifadhi picha za vitambulisho unaweza kuufikia ukomo huo upesi, na hapo ndipo mteja anapogundua aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Iko hali moja ambamo toleo la ghali hugeuka rahisi, na haki inataka isemwe. Usajili wa mwaka wa Visual Studio Enterprise, wenye bei ya dola 5,999 mwaka wa kwanza na 2,569 kwa kila mwaka unaofuata, huja na mkopo wa dola 150 kwa mwezi wa Azure, huduma ya wingu ya Microsoft, kwa ajili ya kutengeneza na kujaribu programu. Professional ya mwaka, dola 1,199 kisha 799, hupewa dola 50. Mwenye kuutumia mkopo wote wa Enterprise hupata huduma ya dola 1,800 kwa mwaka, kwa hiyo tangu mwaka wa pili gharama halisi ni dola 769. Lakini mkopo usiotumika mwezi huu hauhamii mwezi ujao, na usajili wa kulipa mwezi kwa mwezi hauna mkopo huo kabisa. Mnunuzi anayedhani usajili wa mwezi na wa mwaka ni kitu kimoja kwa malipo tofauti ataukosa bila kujua.

Tena hakuna sheria inayolazimisha ofisi nzima kuwa na toleo moja. Mradi ule ule hufunguka Professional na Enterprise, na watu wawili wanaweza kuufanyia kazi asubuhi moja bila kuvurugana. Wasanidi wanane wa Professional na wawili wa Enterprise, hao wawili wakiwa ndio wanaoitwa usiku mfumo unapolala, ni dola 10,320 kwa mwaka badala ya 30,000. Na kabla hata ya hao wawili, Visual Studio imekuwa ikiruhusu kuijaribu Enterprise kwa siku 30, na hadi 90 kwa anayejisajili kwa akaunti. Siku hizo zinafaa zianze wiki ya kazi nzito yenye hitilafu halisi mezani, si wiki ya sikukuu, na mhasibu awepo siku matokeo yanapojadiliwa.